SAR haizeeki, na hapo ndipo penye kazi

Kwenye milango ya benki za Dar es Salaam, askari wa lindo mara nyingi huwa amebeba moja kati ya bunduki mbili. Moja ni fupi, ina magazini iliyopinda, na kila mtoto wa mjini anaijua kwa jina la SMG. Nyingine ni ndefu, mbao zimeifunika kuanzia kitakoni hadi katikati ya mtutu, na chini ya mtutu huo kuna singe iliyokunjwa. Hiyo ndiyo SAR. Wapita njia huiona ya kizamani, silaha ya mgambo. Hata baadhi ya askari huipokea ghalani shingo upande, kana kwamba aliyepewa SAR ameambiwa kimyakimya kwamba bado hajakua.

Dharau hiyo haina msingi. Ukiipima SAR kwa kazi anayopewa askari wa kulinda mlango, ghala, daraja au mpaka wa hifadhi, utakuta inaizidi SMG kwa mambo ambayo watu hawayaangalii. Ina kasoro pia, nyingine za hatari, na wanaoigawa wanapaswa kuzijua kabla ya kumtuma kijana wa miaka 22 asimame nayo katikati ya Kariakoo.

Kwa wasioijua, SAR ni bunduki ya nusu otomatiki. Ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja, bunduki inatupa ganda na kujipakia risasi nyingine, kisha inasubiri mpaka uachie na uvute tena. Ni nakala ya Kichina ya bunduki ya Kirusi iitwayo SKS, na China iliipa jina la Aina ya 56 kwa kuwa ilipitishwa jeshini mwaka 1956. SMG nayo ni Aina ya 56, nakala ya AK. Ndugu hao wawili wanakula risasi ileile, ya milimita 7.62 kwa 39, ndiyo maana ghala moja linaweza kuwalisha wote.

Aliyeibuni ni Sergei Simonov, Mrusi aliyezaliwa mwaka 1894 na kukulia katika karakana za chuma. Bunduki yake ya kwanza kupitishwa na jeshi, AVS-36 ya mwaka 1936, ilijaa ufundi mwingi kupita kiasi. Vumbi na baridi viliisumbua, ikaondolewa mapema. Mwaka 1941, Wajerumani wakiwa wameivamia nchi yake, akatengeneza PTRS, bunduki ya kutoboa vifaru yenye risasi za milimita 14.5 na urefu unaopita kimo cha mtu mzima. Mfumo uliokuwa ndani ya dubwana lile ndio aliokuja kuupunguza ukawa SKS. Hapo pana siri ya sifa yake ya kwanza: mitambo iliyozoea kishindo cha kupiga kifaru ilipopewa risasi ndogo, kazi ikawa nyepesi kwake.

Mwaka 1945 bunduki chache za majaribio zilipelekwa kwa wanajeshi waliokuwa wanaelekea Berlin. Ilipitishwa rasmi mwaka 1949, na mwaka huohuo ikapitishwa AK ya Mikhail Kalashnikov. Kwa Warusi, basi, SKS ilikuwa karibu imepitwa na wakati siku ilipozaliwa. Baada ya miaka michache wakaiondoa mstari wa mbele na kuiachia vikosi vya nyuma na magwaride. Mpaka leo walinzi wa heshima wa Kremlin huibeba. China ndiyo iliyoichukua kwa dhati. Ilitengeneza mamilioni, ikawapa askari wake wa miguu kwa zaidi ya miongo miwili, kisha ikaanza kuwagawia marafiki.

Tanzania ilikuwa miongoni mwa marafiki hao. Baada ya maasi ya Januari 1964, Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi la Tanganyika Rifles, na Septemba 1 mwaka huohuo likaanzishwa JWTZ. Wakufunzi wa Kichina walifika mwaka huo, na silaha zikawafuata. Wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa Kongwa na Nachingwea walivuka Ruvuma na bunduki za aina hii begani. Kwa hiyo bunduki inayoegemezwa leo kwenye ukuta wa benki ina undugu na zile zilizoikomboa Msumbiji, na si ajabu chuma chenyewe kikawa cha umri uleule.

Sasa tuifungue.

Risasi inapopita kwenye mtutu, sehemu ya moshi wenye shinikizo huchepuka kupitia tundu dogo na kusukuma pistoni iliyo juu ya mtutu. Pistoni hiyo husogea kidogo tu, ikagonga chuma kinachobeba bolti, ikarudi mahali pake. Chuma kile kikirudi nyuma hunyanyua mkia wa bolti, ambao kabla ya hapo ulikuwa umelala kwenye kizingiti ndani ya bodi ya bunduki. Bolti ikishanyanyuka, mlango umefunguka: ganda linatupwa nje, springi inasukuma kila kitu mbele, risasi mpya inaingia, mkia unalala tena. Vipande ni vichache, vinene, na vingi vimechongwa kutoka kwenye chuma kizito badala ya kubonyezwa kutoka kwenye bati. Kuifungua kwa ajili ya usafi hakuhitaji bisibisi. Kijiti cha kusafishia kimechomekwa chini ya mtutu, na vifaa vingine vidogo vimefichwa ndani ya kitako.

Ndani ya mtutu kuna tabaka la kromu. Jambo hilo lina maana kubwa kwa Tanga, Mtwara na Pemba, ambako hewa ya chumvi hula chuma hata kikiwa kabatini. Risasi nyingi za zamani za Kirusi na za Kichina zilikuwa na baruti ya kuwashia iliyoacha chumvichumvi ndani ya bunduki baada ya kupigwa, na mtutu usio na kromu ungeoza upesi. Yugoslavia ilipotengeneza SKS zake haikuziweka kromu, na wanaozimiliki leo wanajua adha yake. Lakini kromu ya Mchina haikufika kwenye pistoni wala kwenye mrija wake. Sehemu hizo zikiachwa bila kufutwa hushika kutu, na bunduki huanza kukwama kwenye kutupa ganda. Askari akisema SAR yake imezeeka, mara nyingi shida iko kwenye mrija huo, na tiba yake ni kitambaa, mafuta na mkuu wa ghala asiyeona haya kumrudisha mtu akasafishe upya.

Kwa uzito na urefu, SAR ina kilo 3.85 na mita moja na sentimita mbili. AK ina sentimita 87 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya askari aliyebanana na wenzake nyuma ya Land Cruiser ailaani SAR kila gari linaporuka shimo. Ila urefu una faida yake. Mtutu wa SAR ni sentimita 52, wa AK ni 41.5, na nafasi kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ni kubwa zaidi, kwa hiyo kosa dogo la jicho haligeuki kuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa mita 100, SAR yenye mtutu mzima mikononi mwa mtu aliyefunzwa hupiga ndani ya eneo la kiganja. Hadi mita 300 au 400 inafanya kazi iliyokusudiwa. Kilengeo chake kina alama hadi mita 1,000, namba ambayo labda iliwekwa kwa matumaini zaidi kuliko kwa ushahidi.

Teke lake ni dogo. Hapo ndipo inapoiacha mbali G3 ya Kijerumani, ambayo polisi wa Kenya wameibeba kwa miongo mingi huko Turkana na Baringo. G3 hupiga risasi kubwa zaidi na kufika mbali zaidi, jambo linalofaa kwenye nyika zisizo na ukuta wala mti. Gharama yake huonekana kwenye uwanja wa shabaha: kuruta akishapigwa bega mara chache huanza kufumba macho kabla ya kuvuta. Kwa SAR, kuruta anajifunza haraka kwa sababu hajifunzi kwa woga.

Sifa inayodharauliwa kuliko zote ni kwamba haimimini risasi. AK ikiwekwa kwenye otomatiki hupiga kwa kasi ya risasi 600 kwa dakika. Fanya hesabu: ni 10 kwa sekunde, na magazini ya risasi 30 imekwisha kabla mtu hajamaliza kutamka jina lake na la baba yake. Vitani, mtu akizuia adui asiinue kichwa, kasi hiyo ina kazi. Mbele ya benki haina. Mwaka 1990, mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana ulipitisha kanuni za matumizi ya nguvu na silaha kwa askari wa kulinda sheria, na roho ya kanuni hizo ni kwamba silaha itumike pale tu panapolazimu, kwa kiasi kinachohitajika. Bunduki ya nusu otomatiki inakaribiana na roho hiyo kwa umbo lake. Kila risasi ina uamuzi wake, na kila uamuzi unaweza kuulizwa baadaye. Mchunguzi akikuta maganda manne ya SAR barabarani, anajua kidole kilivutwa mara nne.

Wapinzani watasema risasi 10 ni chache. Ni kweli kwamba majambazi wa leo huja na SMG, na askari mwenye risasi 10 dhidi ya mwenye 30 yuko pabaya. Magazini ya SAR imeshikana na bunduki. Huwezi kuichomoa na kuchomeka nyingine. Hujazwa kwa juu, kwa klipu yenye risasi 10 inayosukumwa kwa kidole gumba, na mtu mzoefu huchukua sekunde chache. Klipu zikipotea, askari anajaza moja moja, na hapo sekunde zinageuka kuwa muda mrefu sana. Lakini tatizo hilo halitibiwi kwa kumpa kila mlinzi SMG. Hutibiwa kwa askari wawili badala ya mmoja, kwa redio inayoshika, na kwa klipu ambazo zimehesabiwa kwenye rejista kama risasi zinavyohesabiwa. Ujanja mmoja wa Simonov husaidia pia: risasi ya mwisho ikitoka, bolti hubaki nyuma, mlango wazi. Mpigaji anajua amekwisha. AK hujifunga kama kawaida, na mwenye nayo hugundua anaposikia mlio mkavu wa chuma kitupu.

Kasoro zinazotisha ziko mahali pengine, na huonekana vizuri saa ya kubadilishana lindo. Askari anayetoka zamu anabonyeza kizuizi kilicho chini, nyuma ya magazini. Kifuniko kinadondoka, risasi zinamwagika kwenye kofia aliyoikinga. Anahesabu, anasaini, anakabidhi. Ni njia nzuri ya kutoa risasi, kwa sababu hazilazimiki kupitishwa kwenye chemba moja baada ya nyingine. Ila kama bunduki ilikuwa imekokiwa, kuna risasi moja ambayo haikumwagika. Imebaki chemba, na kwa nje hakuna alama yoyote inayoionyesha. Asipovuta bolti na kutazama kwa macho, amemkabidhi mwenzake bunduki iliyo tayari kuua huku rejista ikisema iko tupu.

Usalama wake nao ni wa juujuu. Kile kijiti cha nyuma ya kifyatulio kikipandishwa huzuia kifyatulio tu. Nyundo ya ndani inabaki imevutwa. Na pini ya kugonga risasi katika SAR za Kichina huelea bila springi ya kuirudisha nyuma. Ikigandamana na grisi ya zamani au uchafu, inaweza kubaki imechomoza, na bunduki ikafyatuka yenyewe bolti inapofunga, pengine mara kadhaa mfululizo. SKS za kwanzakwanza za Kirusi zilikuwa na springi hiyo. Iliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1950 ili kurahisisha utengenezaji, na deni la uamuzi huo wa kiwandani analilipa askari ambaye hakufundishwa kuitikisa bolti na kusikiliza kama pini inacheza. Hili lingepaswa kuwa somo la siku ya kwanza, kabla ya kwata.

Halafu kuna risasi yenyewe. Inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 735 kwa sekunde, na risasi ya kawaida ya kijeshi ya aina hii ina kiini cha chuma. Mlango wa gari hauizuii, wala banda la mabati, wala ukuta wa mbao. Ikikosa shabaha na kuinuka kidogo, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita mbili, yaani ikatoka Msimbazi na kuwatafuta watu wanaosubiri kivuko cha Kigamboni. Kosa hili SAR linaigusa sawa na SMG, kwa kuwa risasi ni moja. Ndiyo maana mjadala wa ipi kati ya hizo mbili ikae mjini hauna faida kubwa. Kwa lindo la mjini, panapofaa shotigani au bunduki fupi ya milimita 9, ambayo risasi yake huchoka mapema, silaha za vita hazina sababu ya kuwepo. SAR ipelekwe inakofaa: kwenye doria za mpakani, kwenye hifadhi, kwenye visiwa na vituo vya mbali ambako nyuma ya jambazi kuna pori na si foleni ya daladala. Huko urefu wake hausumbui, shabaha yake inaonekana, na wepesi wa kuitunza unaokoa fedha.

Marekani inatoa ushahidi wa namna bunduki hii inavyodumu. Askari wao waliopigana Vietnam waliruhusiwa kurudi nyumbani na SKS walizoteka, wakati AK ilizuiwa kwa kuwa ni ya otomatiki. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza SKS nyingi kutoka China kwa bei ya kutupa, mpaka Rais Bill Clinton aliposimamisha uingizaji wa silaha za Kichina mwaka 1994. Miongo mitatu imepita, na bunduki zile bado zinawinda paa. Nchini Kanada pia ni silaha ya kawaida ya mwindaji asiye na fedha nyingi, magazini ikiwa imepunguzwa ibebe risasi tano kwa matakwa ya sheria.

Uimara huo unapendeza kwa mwindaji mwenye leseni. Kwa serikali ni mzigo, na huu ndio upande ambao tathmini nyingi za silaha huuruka. Bunduki ya plastiki na bati hufika mahali ikafa. SAR iliyotoka kiwandani wakati wa Azimio la Arusha inaweza kuibiwa leo, ikazikwa, ikafukuliwa baada ya masika mawili, ikapanguswa na kupiga. Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, askari wakauawa na bunduki zikachukuliwa. Siku chache baadaye polisi walifukua baadhi ya silaha hizo zikiwa zimefukiwa Mkuranga. Taarifa za makamanda wa mikoa ya magharibi, kila wanapokamata majangili au watekaji wa mabasi, zimezoea kutaja SMG, gobore na SAR katika sentensi moja. Gobore lilitengenezwa na fundi kijijini. Zile mbili nyingine zilitoka kwenye ghala la serikali fulani, ya hapa au ya jirani.

Kwa hiyo sifa ya kudumu iingizwe kwenye hesabu kama gharama. Kila SAR inayobaki kazini inahitaji namba inayosomeka, rejista ya kompyuta na si daftari lililoliwa na mchwa, na ukaguzi wa mtutu kwa kipimo badala ya kwa macho. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi za ukanda huu kuziwekea silaha alama na kuzitunzia kumbukumbu, na Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sheria hazikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni ujasiri wa kuitangaza bunduki inayofanya kazi kuwa imestaafu. Desturi ni kuishusha ngazi: ikitoka jeshini iende polisi, ikitoka polisi iende kwa mgambo, na kila ngazi inayoshuka ghala lina kufuli dhaifu zaidi.

Kenya imeonyesha njia mbadala pale Ngong, ambako Novemba 2016 na tena Juni 2021 zilichomwa silaha zaidi ya 5,000 kwa kila mara, mbele ya kamera. Moto unapendeza kwenye televisheni, ingawa kwa bunduki kama SAR huunguza zaidi mbao kuliko chuma. Kinachoimaliza ni kukatwa kwa gesi kwenye bodi, pale kwenye kizingiti ambapo mkia wa bolti hulala, kwa sababu bila kizingiti hicho hakuna mtutu mpya wala kitako kipya kitakachoifanya ipige tena. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi mmoja wa kuchomelea, ikifuatwa na namba kufutwa kwenye rejista na saini mbili chini yake.